Ziara ya Mgeni Mmoja

Mume wangu Kimeu alitembeza watu Mombasa miaka thelathini na mmoja, na mimi hakunitembeza hata siku moja. Nalisema mapema ili nisije nikaulizwa. Wajerumani aliwatembeza, Waitaliano aliwatembeza, hata wachungaji kutoka Korea aliwatembeza, na mimi Ndunge, mke wake wa ndoa ya kanisa, nilikuwa kijijini kwetu Kathonzweni napura ndengu na kufukuza tumbili shambani.

Kila Krismasi alikuja na leso mbili na ahadi ileile. "Mama Mutindi, mwaka ujao nitakutembeza. Praiveti kabisa. Wewe peke yako, hakuna kuchanganywa na watu." Nami namjibu, "Sawa, bwana mkubwa. Hata mwaka ujao una Krismasi." Mama yake mzazi, Mungu amrehemu, hakuwahi kulitamka vizuri jina la kazi ile ya kizungu, "guide". Naibu wa chifu alipomuuliza mwanawe anafanya nini Mombasa, alijibu kwa kujivuna, "Ni gaidi." Naibu akaweka kalamu chini. Ilibidi nikimbie kueleza kwamba ni gaidi wa watalii, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Tulicheka miaka mingi kwa hilo.

Akastaafu, akarudi nyumbani, tukazoeana upya, maana kuishi na mtu wa Krismasi na kuishi na mtu wa kila siku ni vitu viwili. Halafu mwaka jana, mwezi wa pili, ibada ilipokwisha, alisimama mlangoni mwa kanisa, akainua mkono, akaanza kuhesabu watu wakitoka. Watu wakadhani ni mzaha wa kazi yake ya zamani. Alipofika mwisho akanigeukia, akasema, "Mmoja hayuko. Hatuwezi kuondoka." Nilimwambia wote wapo. Alikataa katakata, mpaka nilipomdanganya kwamba huyo mmoja ametangulia nyumbani. Siku hiyo hofu iliingia kwangu na haijatoka.

Mwezi wa tano alikwenda kusaga mahindi, jioni nikampata ameketi kwa watu wengine ng'ambo ya mto, amemwambia mama wa pale amletee chai. Nikampeleka kwa daktari mjini Wote. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia ugonjwa huu unakula vitu vipya kwanza. Cha jana kinakwenda, cha juzi kinakwenda, vya zamani ndivyo hubaki hadi mwisho. Nilitoka pale nikipiga hesabu zangu. Kama vya zamani ndivyo hubaki, basi Mombasa itakuwa ya mwisho kumtoka. Hapo kwetu anapotea kwa sababu alikuwa mgeni wa Krismasi, lakini Mombasa hawezi kupotea. Nikaona kama ile ahadi yake kwangu ni ya kutimizwa, itimizwe sasa au isahaulike kabisa.

Watoto sikuwaambia ugonjwa. Mutindi, kifungua mimba wetu, yuko Nairobi na ana mdomo kunishinda, angenikataza. Nilimwambia tunakwenda kumsalimia mpwa wangu Kasyoka, anayeshona nguo kwenye kiwanda kimoja kule Mombasa. Kwa hiyo mjue kwamba mtu huyu nilimchukua mimi, kwa kichwa changu, bila kuuliza mtu. Ningempoteza Mombasa, ningerudi na uso gani?

Tulilala kwa Kasyoka. Asubuhi Kasyoka akasema, "Anti, niombe ruhusa kazini niwasindikize?" Kimeu akamkata, "Hii ni praiveti." Kweli alikuwa ameamka mtu mwingine. Alinyoa ndevu mwenyewe, akavaa shati jeupe, akafunga saa mkononi. Mimi nilikuwa na kiondo changu, chupa ya maji, na tiketi mbili za basi la Wote, lile linalopinda Makindu na kupita kwetu. Linaondoka saa kumi alasiri.

Mungu shahidi, asubuhi ile ilikuwa tamu. Alianzia kwenye zile Pembe za Ndovu kubwa za barabarani, akanisimamisha mahali hasa pa kusimama ili nizione zote nne. Akanipeleka soko la Marikiti, akanifunga macho kwa kiganja, akaniambia ninuse nitaje: iliki, mdalasini, bizari. Nilikosea yote akacheka. Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika, hakikuwa tena hiki chetu cha kuburuta, kilikuwa cha watu wa pwani chenye "yakhe" na "tafadhali". Hatua zake zilijua vichochoro bila yeye kuangalia chini. Nikajiambia, Ndunge, umefanya la maana. Nilianza hata kumwonea wivu, nikikumbuka kwamba haya yote yaliendelea miaka yote ile mimi nikichota maji mtoni.

Tulipoingia ngomeni, Fort Jesus, akanishika kiwiko. "Angalia ngazi, madam."

Nikacheka. "Haya, bwana gaidi, ongoza." Nilidhani tunacheza. Akanieleza Wareno, akanieleza Waarabu, akanieleza mizinga, na kila mara, "Madam, upande wako wa kulia," "Madam, sogea kivulini." Kuna mahali aliniambia jambo kwa Kijerumani, akangoja nijibu. Nikatikisa kichwa tu. Nilianza kushuku kwamba huu si mchezo, lakini nikalisukuma wazo hilo mbali, maana siku ilikuwa nzuri na mimi nimeingoja sana.

Tukashuka Mji wa Kale. Vichochoro vya huko vinajikunja, milango mikubwa, vibaraza, paka kila mahali. Kona ya tatu tu sikujua tena tulikotoka. Kimeu akasimama kivulini, akajifuta jasho, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Na wewe madam, umetoka upande gani?"

"Kathonzweni," nikasema, bado natabasamu.

Uso wake ukang'aa. "Kathonzweni! Aisee, mke wangu yuko huko."

Woi! Nilishika ukuta. Alikuwa ananitazama usoni kwa karibu, kwa macho yaleyale ninayoyajua, na ndani yake mimi sikuwemo. Hapo ndipo nilielewa kosa langu. Mombasa aliyokuwa anaikumbuka, mimi sikuwahi kukanyaga ndani yake. Nilikuwa mke wa kule bara. Huku kila mwanamke aliyetembea naye alikuwa mgeni.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Ndunge. Mwanamke mkali huyo!" Akacheka peke yake. "Kila nikimaliza likizo, siku ya kuondoka, hutamsikia akisema kwaheri. Atakwambia kuku wamepotea, anakwenda nyuma ya nyumba kuwatafuta. Anafikiri sijui kwamba analia huko."

Sijawahi kumwambia mtu habari ya wale kuku. Hata Mutindi haijui.

"Nimemwahidi nitamleta huku," akaendelea. "Kila mwaka namwahidi. Lakini nasema ukweli, madam, naogopa."

"Unaogopa nini?"

Akafikiri. "Akiuona mji huu na mimi ndani yake, atajua kwamba nilikuwa na raha bila yeye."

Nilipandwa na hasira na hofu kwa pamoja, na hasira ikatangulia. Nikamshika shati kifuani. "Kimeu! Niangalie! Ni mimi! Ni Ndunge, mkeo!"

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kwa huruma. "Hapana, madam. Ndunge ana nywele nyeusi."

Nikamvuta. Naye akajivuta, akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, na nikamwona anakitazama kichochoro cha kushoto. Namjua mume wangu. Alikuwa anapima mbio. Akiingia mle, nani atamtoa? Yeye ndiye anayejua njia, mimi sijui hata jina la barabara niliyosimama. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi mlangoni akainuka na upawa mkononi. "Mzee wangu, kuna shida? Huyu mama akusumbua?"

"La, hapana shida, bi mkubwa," Kimeu akamjibu. "Ni mgeni wangu. Jua limemchosha."

Hata katika kuniogopa, alinilinda. Nikaachia shati lake kidole kimoja kimoja. "Pole, Bwana Kimeu," nikasema. "Ni kweli, ni jua."

Nikajifanya ninakunywa maji, nikampigia Kasyoka. Simu imezimwa. Nikakumbuka aliniambia huko kiwandani simu wanaziacha langoni mpaka saa kumi na moja. Nikafikiria kumpigia Mutindi, kidole kikafika kwenye jina lake kikasimama. Ningemwambia nini? Ati baba yako yuko mbele yangu lakini amepotea?

Ilikuwa saa nane na nusu. Nilibaki na njia moja tu, kuwa mgeni. "Bwana Kimeu, basi langu linaondoka saa kumi, Mwembe Tayari. Utanifikisha?"

Akatazama saa yake, akanyoosha mgongo. "Madam, tangu nianze kazi hii sijachelewesha mgeni."

Basi nikatembea nyuma ya mume wangu saa nzima nikimwogopa. Niliogopa kuongea sana, niliogopa kunyamaza sana. Akisimama kunionyesha mlango, nasema, "Unapendeza!" Akipiga kona haraka nakimbia na miguu yangu hii ya baridi yabisi. Wakati mmoja kundi la wanafunzi lilipita katikati yetu na kwa dakika nzima sikuona lile shati jeupe. Dakika nzima. Niliomba maombi ambayo hata si maombi, ni jina la Yesu tu, mara kumi, mara ishirini. Nikamkuta amesimama chini ya kibanda cha kuuza kadi za simu, mkono juu, ananisubiri.

"Nakuona, madam. Usiogope."

Alinifikisha. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano tulikuwa stejini, mbele ya basi lenyewe hasa, na hakuuliza mtu. Makanga alikuwa akiita, "Makindu, Kathonzweni, Wote! Panda twende!" Kimeu akakagua mlango wa basi, akatikisa kichwa kuridhika, kisha akaninyooshea mkono.

"Hapa ndipo ninapoishia. Ilikuwa furaha yangu. Safari njema, madam."

Nilikuwa na tiketi mbili kwenye kiondo. Nyuma yake mji mzima ulikuwa umefungua mdomo, maelfu ya watu, mikokoteni, tuktuk, na yeye angegeuka aingie mle kwa furaha, kwenda kutafuta chumba alichohama miaka minane iliyopita. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka makanga amkamate ambebe. Lakini nilishaona kule kichochoroni anavyofanya akishikwa.

"Bwana Kimeu, kwani ziara imeisha? Mimi nimekuchukua mpaka Kathonzweni."

Akacheka. "Kathonzweni! Huko hakuna kitu cha kutembelea."

"Si wewe umesema una mke huko?"

"Mke si wa kutembelewa na watalii. Na ni mbali, madam. Mtafika usiku."

"Ndiyo maana naogopa kwenda peke yangu." Hapo sikuwa naigiza. Machozi yalikuwa yanatoka yenyewe, na sikuwa na kuku wa kwenda kutafuta. "Naogopa sana, Bwana Kimeu. Sijui njia. Sijui nikifika nitamkuta nani. Tafadhali usiniache hapa."

Makanga akapiga ubavu wa basi. "Mama, mnapanda au hampandi?"

Kimeu hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, machozi yangu, na paji la uso wake likajikunja kama la mtu anayetafuta jina. Nikadhani ananiona. Nilingoja, haki ya Mungu nilingoja, nikiushika ule mkono wake kwa mikono yangu miwili. Halikuja.

"Mgeni akiogopa haachwi," akasema mwishowe. Akapanda yeye kwanza, akageuka, akanivuta juu. "Angalia ngazi."

Akanikalisha dirishani. Akauliza kiondo changu kikae wapi ili kisinisumbue miguu. Dereva akawasha gari, na Kimeu akainamia sikio langu, akanong'ona ili abiria wengine wasisikie.

"Huko Kathonzweni utafikia kwa nani?"

"Kwa Ndunge," nikasema.

Akashtuka. Akatazama mbele, akatazama vidole vyake, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona na yeye ana hofu kama yangu. "Basi nakuomba, madam. Yale niliyokuambia kule, usimwambie."

"Sitamwambia."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Akashukuru, akanifunga mkanda, na basi likaanza kurudi nyuma kutoka stejini.