Kandambili za Nyumba Namba Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kiti. Nilipewa ubao. Ulikuwa ubao wa mninga wenye misumari ishirini na minne, kila msumari na namba yake ya rangi nyeupe, na kwenye kila msumari umening'inia ufunguo. Afisa Tawala wetu pale makao makuu Kibaha, mama mrefu ambaye hakuwa akicheka kabla ya saa nne asubuhi, alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Shomari," alisema, "kuanzia leo wewe ni karani wa nyumba. Ufunguo ukitoka hapa bila karatasi, na wewe unatoka."

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akija kuomba nyumba, usimwambie hakuna. Mwambie zimejaa, asubiri. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Wajukuu zangu wakisikia nilikuwa karani wa nyumba hudhani nilikuwa dalali. Sikuwa dalali, ingawa siku hizi nadhani dalali ana afadhali, maana yeye akikudanganya unajua kazi yake ni hiyo. Mimi niliajiriwa na taasisi ya umma iliyokuwa ikipima udongo na mbegu za wakulima. Ofisi kuu ilikuwa Kibaha na kituo kikubwa kilikuwa Kisarawe, kila upande una kota zake, yaani nyumba za watumishi. Mtumishi akihamishiwa kwetu, jina lake huingia kwenye daftari la maombi. Nyumba ikipatikana, mimi na yeye tunaingia pamoja na kufanya makabidhiano: tunakagua vitasa, bawaba, vioo vya madirisha, nyavu za mbu na bomba za maji, kila kitu kinaandikwa, kisha anatia sahihi na kupewa ufunguo.

Niliipenda kazi ile, siwezi kukana. Hadi leo nikiingia kwa mtu naangalia bawaba za mlango kabla sijamwangalia mwenye nyumba, jambo linalomkera sana mke wangu. Nilijifunza kwamba dari lenye doa huwa linavuja hata fundi akila kiapo, na kwamba mtu anayehamia na jiko kabla ya kitanda atakaa muda mrefu.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Kisarawe. Kwangu ilikuwa kurudi nyumbani, maana shangazi zangu wako Msimbu na mababu zangu wamezikwa Vihingo. Mkuu wa Kituo alikuwa bwana nadhifu, mpole wa sauti, mwenye mashati yasiyokunjika. Familia yake ilikaa Dar es Salaam na yeye alikwenda na kurudi kila siku. Hata hivyo alikuwa amesaini nyumba namba tisa, ya vyumba vitatu, iliyo karibu na lango la kituo. Hakulala humo hata siku moja. Wakati huo kulikuwa na fununu kwamba taasisi itawauzia watumishi nyumba wanazokaa, na bwana mkubwa hakutaka fununu imkute hana nyumba.

Tatizo lilikuwa kanuni. Nyumba ikikaa tupu miezi mitatu inarudi kwenye Kamati ya Nyumba, nayo inampa aliye juu kwenye daftari. Siku moja akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Bwana Shomari, ile nyumba yangu inaonekana pweke. Weka pazia. Fagia uwanja. Weka hata viatu mlangoni, watu wakipita wajue nyumba ina watu."

Nilichukua pazia la maua ya njano ambalo mke wangu alikuwa ameliweka kando. Nikaokota kandambili mbili za bluu kutoka kwenye rundo la nyuma ya nyumba yangu, nikaziweka barazani. Kila Jumamosi nilifagia. Nami, ili mnielewe vizuri, nilikuwa nakaa kota ya vyumba viwili kwa saini yake, na cheo cha karani mwandamizi kilikuwa njiani. Sikulazimishwa na mtu. Niliogopa, kisha nikazoea, na kuzoea kulikuwa kubaya kuliko kuogopa.

Miezi miwili baadaye akaja Bi Namkunda. Alikuwa fundi wa maabara, amehamishwa kutoka Same, na alikuja na watoto watatu, magunia mawili na kitanda kilichofunguliwa vipandevipande. Baba wa watoto alikuwa ameondoka na hakuwa akituma chochote, kwa hiyo mshahara wake mmoja ndio uliokuwa unavisha, unalisha na unasomesha. Mdogo, Neema, alikuwa na miaka mitatu na alikuwa amelala mgongoni kwake wakati anajaza fomu.

"Kaka, nimeambiwa wewe ndiye wa nyumba," alisema.

"Ndiye mimi, dada. Zimejaa. Subiri kidogo."

Niliyasema hayo nikiwa nimekaa chini ya ubao wa funguo wa kituo, na ufunguo wa akiba wa namba tisa ulikuwa unaning'inia karibu na sikio langu. Jina lake niliandika la kwanza kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, kana kwamba mwandiko mzuri ungemsaidia.

Ili nitulize moyo, nikamtafutia nyumba ya kupanga kwa bidii ambayo sikuwahi kuwaonyesha ndugu zangu. Tulizunguka mji mzima wa Kisarawe. Mwenye nyumba wa kwanza alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wa pili alitaka ya miezi sita, lakini alipowaona watoto akasema chumba kimeshapata mtu tangu jana. Wa tatu alimwuliza, "Na mume wako yuko wapi?" Bi Namkunda akamjibu, "Kwani yeye ndiye atakayelala hapa?" Tukakosa na hicho.

Mwishowe nikampeleka Msimbu kwa shangazi yangu, Bi Tatu, aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili pembeni ya mikorosho yake. Kodi ilikuwa ndogo, ya kulipa mwezi kwa mwezi.

"Mwanangu, nyumba ninayo," shangazi alimwambia, "ila barabara sina. Mvua ikinyesha, huko mjini utapasikia tu."

Bi Namkunda alicheka, akafungua mizigo. Alianza kuteremsha jiko. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikula vizuri, nikijiona mtu mwema.

Kiangazi kilipita salama. Masika yalipoanza, pikipiki zikakataa kwenda Msimbu na Bi Namkunda akawa anatembea. Alitoka kabla ya swala ya alfajiri, watoto akiwaacha na shangazi yangu ambaye macho yake yalikuwa yanaanza kufifia, na alifika kituoni viatu mkononi. Njia yake ilipita mbele ya nyumba namba tisa. Alipochelewa mara ya tatu aliitwa na Mkuu wa Kituo, nami niliitwa kuandika muhtasari.

"Kazi ya serikali haisubiri matope, Bi Namkunda," alisema Mkuu wa Kituo kwa ile sauti yake ya upole. "Tafuta makazi ya karibu."

Bi Namkunda alinitazama mimi, si yeye. Mimi nikatazama karatasi.

Wiki hiyohiyo, nafasi niliyopewa ya kurekebisha mambo ilikuja na miguu yake miwili. Mkaguzi wa nyumba alitoka Kibaha na daftari lake. Tulipita kota moja baada ya nyingine hadi tukafika namba tisa. Alisimama barabarani, hakutaka kukanyaga uwanja wenye tope.

"Humu anakaa nani?"

Nakumbuka pazia lilikuwa linatikisika kidogo kwa upepo. Ningesema neno moja tu, hamna mtu, na jioni ile watoto watatu wangelala mita mia moja kutoka kazini kwa mama yao. Sikuhitaji hata ushujaa, maana mkaguzi ndiye angeandika.

"Mkuu wa Kituo," nilisema. "Yuko kazini."

Akaangalia pazia, akaangalia kandambili, akaweka alama ya vema. Mwezi uliofuata nikawa karani mwandamizi.

Bi Namkunda hakungoja kuitwa tena. Alimwita kaka yake kutoka Same aje awachukue watoto, wakakae kwa bibi yao, na yeye akapanga chumba kimoja mjini, kile ambacho mshahara wake uliweza baada ya kutuma matumizi nyumbani. Niliomba gari la ofisi lililokuwa linakwenda Kibaha liwapeleke Maili Moja kupanda basi. Nilibeba mabegi mwenyewe. Wakubwa wawili walikaa wima kama watu wazima. Neema alipakatwa na mjomba wake dirishani, akawa anahesabu viti kwa kidole.

"Mjomba," aliuliza, "mama anakaa kiti gani?"

Basi likaondoka. Njiani kurudi Kisarawe Bi Namkunda alinishukuru kwa gari.

Nyumba hazikuuzwa kamwe. Fununu ilikufa yenyewe, Mkuu wa Kituo akahamishwa, akanirudishia ufunguo ukiwa mpya kama alivyoupokea. Nilipofungua namba tisa, mchwa walikuwa wamekula miimo ya mlango na dari la sebuleni lilikuwa limelala sakafuni. Kamati ikaandika kwamba haifai kwa makazi. Kwa miaka yote ile haikuwahi kumfaa mtu yeyote, na mimi ndiye niliyeifagia.

Nilimaliza utumishi wangu Kibaha, nikiwa msimamizi wa nyumba zote za taasisi. Kwenye sherehe ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani na mkurugenzi akasema nimewasitiri wengi. Watu wakapiga makofi. Nilitamani sana nisimame niseme kweli, lakini chakula kilikuwa tayari na nikakaa. Sasa naishi Misugusugu katika nyumba niliyoijenga polepole, na mara nyingi, nikiwa nasubiri maji yajae ndoo, nawahesabu watu niliowaambia zimejaa. Kwa wengi zilikuwa zimejaa kweli. Kwa mmoja hazikuwa zimejaa, na huyo mmoja ananitosha.

Mwaka huu nilisikia kwamba Bi Namkunda naye amejenga Misugusugu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilikaa wiki mbili nikijipanga, kisha nikaenda. Alinikaribisha vizuri, mvi zimemjaa, akanitembeza nyumba kama makabidhiano. Vyumba vinne. Kimoja chake, vitatu vya watoto, kila kimoja na kitanda, na magodoro bado yamo kwenye nailoni zake.

"Wanakuja?" niliuliza.

"Krismasi, kwa zamu. Wanakaa siku mbili wanasema wamechoka na joto." Alikunja pazia vizuri. "Neema ni mtoto mzuri. Ananiita mama. Ila hadi bibi yake anafariki, akiumwa alikuwa anampigia bibi."

Nikamwambia hapohapo, nimesimama mlangoni pa chumba cha Neema. Nilimwambia kwamba namba tisa ilikuwa tupu, kwamba ufunguo ulikuwa kwangu, kwamba mkaguzi aliniuliza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Nilikuwa napita pale kila siku, Bwana Shomari, na kazi yangu ilikuwa kuangalia vitu. Zile kandambili zilikuwa zote za mguu wa kushoto."

Miaka yote ile sikuwahi kuziangalia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ubao ulikuwa kwako. Na ningekuuliza, ungenidanganya mara ya pili, na mimi nilikuwa bado nakuhitaji unitafutie chumba."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Tulikunywa chai. Alinisindikiza hadi barazani, na pale, pembeni ya mlango, niliona jozi nne za kandambili zimepangwa. Moja ilikuwa imechakaa, yake. Tatu zilikuwa mpya kabisa, zimeshika vumbi jekundu. Nikainama, bila kujua ninachofanya, nikaziangalia moja moja, kulia na kushoto, zote zilikuwa sawa. Nikaanza kuzikung'uta nizisogeze ukutani.

"Ziache hapohapo, kaka," alisema. "Ninakaa peke yangu. Watu wakipita wajue nyumba ina watu."

Nikazirudisha zilipokuwa.