Kiwiko cha Furaha

Enzi zetu, wenzangu mliosoma shule za msingi za Kyebando hapa Kampala, mtoto hakuwa na kiti chake. Alikuwa na nafasi yake kwenye benchi, na nafasi yenyewe ilipungua au kuongezeka kulingana na makalio ya mwenzake. Darasa la tatu tulikaa watatu watatu, bega kwa bega, tukinukia sabuni ya mche, jasho na uji wa mahindi wa saa nne. Mmoja akipiga chafya, daftari tatu zinalowa.

Benchi letu lilikuwa kando ya ukuta. Mwisho wa benchi, upande wa njia, alikaa Waswa, mvulana wa Kiganda ambaye hakuwahi kuwa na penseli lakini hakukosa chakula mfukoni. Leo mbegu za fenesi za kuchoma, kesho kabalagala, vile vikate vya ndizi mbivu na unga wa muhogo ambavyo viliacha mafuta kwenye kila ukurasa niliowahi kuandika. Katikati nilikaa mimi, Nekesa, binti wa fundi wa magari kutoka Bungoma aliyekuja kutafuta riziki Kisenyi akasahau kurudi. Na ukutani alikaa Furaha.

Furaha alitujia muhula ukiwa umeshaanza. Walitoka Bukavu kule Kongo, na mama yake alipanga vitenge vyake soko la Nakivubo ubavuni mwa mama yangu, aliyeuza mitumba. Kiingereza hakukijua, na Kiganda ndiyo kwanza alikuwa anakisikia. Alichokijua ni Kiswahili, lakini mnakumbuka wenyewe hadhi ya Kiswahili shuleni kwetu siku zile. Kilikuwa lugha ya askari wa getini. Mtoto akikitamka darasani, wenzake walicheka mpaka wakashika matumbo.

Basi sisi tukakitumia chini chini. Mwalimu wetu, tuliyemwita Nalongo kwa kuwa alikuwa mama wa pacha, alisoma hesabu za maneno kwa Kiingereza: mkulima ana kuku kadhaa, kicheche amekula wangapi, sijui wamebaki wangapi. Mimi nilimnong'oneza Furaha kwa Kiswahili habari za mkulima na kicheche wake. Furaha alisogeza vizibo vya soda vyake vya kuhesabia mapajani, tik tik tik, kisha akaninong'oneza jibu. Nami nikampa Waswa, na Waswa akatugawia kabalagala. Ishara yetu ilikuwa moja tu: ukikwama, unamgusa mwenzako kiwiko. Nalongo aliita jambo hili kunakili na alituchapa kwalo. Mama aliposikia alisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa," akaendelea kukunja mitumba yake.

Mapumziko tulicheza kwepena. Wawili huku na huku wanarusha mpira wa maganda ya migomba, nawe uko katikati unakwepa huku unajaza chupa mchanga. Hapo Furaha hakuhitaji mkalimani. Alikuwa mwembamba, anajikunja na mpira unampita, na Waswa aliapa kwamba msichana yule hana mifupa. Tulirudi darasani wekundu kwa vumbi tangu kope hadi vidole vya miguu. Watoto wa siku hizi wakipata doa kwenye soksi wanaomba kupelekwa nyumbani.

Ndipo ikaja habari kwamba kutoka chuo kikuu atakuja mtafiti, kutazama jinsi watoto wadogo wanavyojifunza na wanavyoishi wao kwa wao. Wenzangu, mnajua shule zetu zilivyokuwa zikimsubiri mgeni! Mawe ya uani yalipakwa chokaa. Nyasi zilifyekwa. Wimbo wa kukaribisha wageni tuliuimba mpaka kuku wa jirani wakaujua. Na desturi nyingine, ambayo hakuna aliyeisema kwa sauti, ni kwamba siku ya mgeni watoto wazito wa kusoma hawaonekani. Wengine huambiwa wabaki nyumbani, wengine hupewa kazi jikoni.

Furaha alipangiwa jikoni, kuchambua maharage. Nalongo hakuwa mwanamke mbaya, Mungu amrehemu, ila aliogopa aibu. Akaongeza neno moja zaidi: kwa kuwa msichana huyu hajibu swali lolote, muhula ujao atarudishwa darasa la kwanza, akaanze upya na wadogo.

Furaha hakulia. Aliniangalia tu akauliza, "Njo nitakaa na batoto badogo? Na weye utakaa na nani?"

Usiku huo sikumaliza hata ugali. Msinicheke, mtoto wa miaka minane akinyang'anywa mwenzake wa benchi amenyang'anywa nusu ya dunia, na upande wangu nilijua pia kwamba nimenyang'anywa hesabu zote.

Mgeni akaja. Alikuwa dada mwenye nywele za kusuka na viatu vya chini, anatabasamu. Akatuambia kwa Kiingereza, "Fanyeni kana kwamba mimi sipo." Jamani! Mgeni ameingia mlangoni halafu ujifanye hayupo, ulilelewa na nani? Wasichana tulipiga magoti kumsalimu. Tuliimba wimbo wote na viitikio vyake. Mpishi alileta chai na karanga. Alipojificha pembeni nyuma ya darasa, tuligeuza shingo zote kumtazama, na kila alipokohoa tulisimama kumwambia habari za asubuhi. Maskini dada wa watu, kalamu alikuwa nayo mkononi lakini hakuona la kuandika.

Mwishowe akaja mbele, karibu kutuangukia. "Watoto wazuri, nataka kuona mnavyojifunza siku zote. Fanyeni vilevile mfanyavyo siku zote." Akagawa hesabu, benchi kwa benchi, ya kugawana machungwa, kisha akasimama kando yetu.

Waswa akanitazama. Nikayatazama machungwa yale ya karatasi. Nikasogeza kiwiko kama kawaida, na kikagonga ukuta.

Si nimeambiwa nifanye kama siku zote? Nikaruka miguu ya Waswa nikatoka nje mbio. Askari wa getini, mzee aliyestaafu jeshini, akanipigia kelele, "Wewe mutoto, ludi dalasa! Mugeni iko ndani, wewe nakimbia namna gani?"

"Mgeni ndiye amesema!" nikamjibu bila kusimama.

Nilimkuta Furaha ameinamia ungo, nikamvuta mkono, na maharage yakamwagika mpishi akitutukana. Tuliingia darasani yeye akiwa na kanga ya jikoni kiunoni. Nalongo akashika kichwa, akalia kwa Kiganda, "Banange, Nekesa! Unaniua!" Lakini mgeni alinyoosha mkono, kwamba tuachwe. Tukakaa. Nikanong'ona habari za machungwa. Vizibo vikatoka mfukoni mwa Furaha, tik tik tik. Kiwiko, jibu, Waswa, na nadhani hata kabalagala ilipita.

Yule dada akachuchumaa, akamuuliza Furaha kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe najua aje hii?"

Weee! Furaha akafunguka. Alieleza namna ya kugawa machungwa, namna ya kugawa yanayobaki, akaeleza na jinsi mama yake anavyokata kitenge kimoja kwa wateja wawili wasigombane. Hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya neno moja mbele ya mwalimu. Darasa zima hakuna aliyecheka. Na maajabu ya siku hiyo hayakuishia hapo, maana Nalongo naye alifungua mdomo. Kumbe alikulia kambini, baba yake alikuwa askari, na Kiswahili alikuwa nacho miaka yote hiyo amekifungia moyoni.

"Kumbe iko na akili, bambi," alimwambia Furaha polepole, kwa huruma. "Kwa nini ulinyamaza? Ama mimi ndio sikuuliza."

Furaha hakurudishwa darasa la kwanza. Alibaki ukutani, mimi katikati. Mtafiti alirudi mara kadhaa, na watu wakamzoea. Mpishi, ambaye aliamini kwamba mgeni siku mbili na siku ya tatu mpe jembe, alimpa ungo wa maharage achambue.

Leo mwanangu Trevor anasoma shule nzuri, hapa hapa Kampala. Kila mtoto ana meza yake na kiti chake cha plastiki, na kati ya meza na meza pikipiki inapita. Hesabu wanafanya kwenye tableti. Kwepena anacheza kwa vidole gumba. Ijumaa wana somo la kushirikiana, linafundishwa ukutani kwa projekta, na mwanangu amepata alama ndogo katika somo hilo. Mwalimu wake, binti mdogo tu, akanishauri niweke kwenye simu programu ya kumfunza mtoto kugawana. Nilicheka mpaka yule binti akaniuliza kama niko salama.

Nilipiga picha ya darasa lile nikamtumia Furaha, ambaye siku hizi ni muuguzi katika nchi ya theluji. Akanirudishia ujumbe wa sauti. Alianza kwa kusifu: meza nzuri, madirisha yana vioo. Kisha akauliza, "Sasa Nekesa, mutoto akikwama, anagusaka nani ku kiwiko?"

Jioni hiyo Trevor alikuwa mezani sebuleni, ameshika tama, hesabu imemshinda na hataki kusema. Niliiacha sufuria jikoni, nikavuta kiti, nikakaa ubavuni mwake mpaka viwiko vyetu vikagusana. Akanitazama kwa mashaka.

"Mama, hizi unazijua?"

Nikamwambia sizijui, sijawahi kuzijua, na aliyekuwa akizijua yuko mbali sana. Hakusogeza kiwiko chake.