Kuvu Iliyopewa Jina la Malkia

Mama Uyoga aliingia bandani asubuhi akakuta mifuko yake ya maranda ya kuoteshea uyoga imetandwa na utando mweupe, mwembamba kama pamba iliyochambuliwa. Chini ya utando ule uyoga ulikuwa umelegea, umegeuka kahawia, unanuka. Hakulia. Alikata kipande, akakifunga kwenye karatasi, akaenda nacho maabara ya kilimo.

Mtaalamu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alikiweka chini ya hadubini, akatazama weee, kisha akampisha kiti.

"Chungulia mwenyewe, dada. Nyuzi nene ni za uyoga wako. Unaona zile nyembamba zilizozizunguka?"

"Naziona. Kama zinazikumbatia."

"Zinazitoboa na kuzifyonza. Hiyo ni kuvu nyingine, inaishi kwa kula kuvu mwenzake. Haimo kwenye vitabu vyangu. Nimeiona mara moja tu, msimu uliopita. Aliileta mkulima mwenzako, ana mwanya, anacheka kwa sauti. Nilimwonya asiingie banda la mtu na kisu chake wala ndoo yake mpaka avichemshe."

Mwanya na kicheko. Mama Uyoga aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Malkia. Malkia naye alilima uyoga, na juzijuzi tu alikuja kumsaidia kuvuna, kisu mkononi, ndoo kwapani, meno yote nje.

Jioni alimweleza mumewe.

"Atakuwa alisahau, mke wangu. Dada ni msahaulifu."

"Kisu amesahau kukichemsha, ila wateja wangu amewakumbuka mmoja mmoja."

Na kweli, mchana huohuo mwenye hoteli na mama wa sokoni, waliozoea kununua kwake, walikuwa wameshahamia kwa Malkia.

Kesho yake Mama Uyoga alificha uyoga uliooza ndani ya mkono wa gauni, akaenda kumsalimia wifi yake, akikusudia kuuangusha bandani kwake. Alifika hadi getini, akageuka. Kilichomrudisha hakikuwa huruma. Alijua Malkia angegundua mara moja kuwa ni yeye, angemlilia baba mkwe, na yeye ndiye angeonekana mbaya.

Baada ya wiki kadhaa mtaalamu akampigia simu. Wenzake wa maabara nyingine walikuwa wamethibitisha: kuvu ile ni mpya, haijawahi kupewa jina.

"Sampuli yako ndiyo iliyotusaidia. Kuna jina ungependa tuiite?"

Mama Uyoga hakufikiri mara mbili. "Iiteni kwa jina la wifi yangu, Malkia. Nyumbani tunampenda sana."

Habari zilipochapishwa, Malkia alivimba kichwa, asisome zaidi ya jina lake. Aliwatangazia wateja, akawatangazia majirani, na familia ilipokusanyika kwa baba mkwe akaanza upya.

"Baba, jina langu limeingia kwenye sayansi."

"Vizuri, mwanangu. Na hicho kitu kinafanya kazi gani?"

Malkia alicheka. "Wifi ndiye aliyepeleka. Mweleze baba, wifi."

Mama Uyoga alishusha kikombe. Alieleza polepole, kwa adabu zote: jinsi kuvu ile inavyoingia kwa kisu na ndoo, inavyomzunguka mwenzake, inavyomtoboa na kumfyonza mpaka aoze. "Mtaalamu anasema, baba, kuna mtu aliipeleka msimu uliopita, akaonywa asiingie nayo banda la mwenzake."

Mzee alimgeukia binti yake. "Ni wewe?"

Malkia alifunga mdomo, mwanya usionekane. Hakuna aliyemtetea, hata kaka yake.

Wiki hiyohiyo alikwenda maabara kuomba jina lifutwe. Aliambiwa likishachapishwa halifutiki.

Mume wa Mama Uyoga alimkuta mkewe bandani akipaka kuta chokaa, mifuko yote imeshachomwa, rafu tupu.

"Sasa roho yako imetulia?"

Alichovya brashi kwenye ndoo, akaendelea kupaka. "Bado," akasema. "Ila nalala vizuri."