Mfagizi Aliyemwaga Vepu Mbele ya Wazazi

Saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko inalia. Mfagizi wa shule ya sekondari anaegemeza fagio ukutani, anasukuma mlango wa choo cha wasichana, ananusa.

"Choo kinanukia peremende," anasema kwa hasira. "Tangu lini?"

Anainua mfuniko wa tangi la maji na kutoa kidude cha rangi ya waridi kilichofungwa kwenye nailoni. Ni sigara ya kielektroniki yenye harufu ya peremende; wanafunzi huiita vepu. Muhula huu ameshaokota arobaini na moja.

Ana miaka kumi na tisa kazini, na wanafunzi humwita Shangazi. Madhara ya moshi anayajua. Mumewe, dereva wa lori aliyevuta sigara tangu ujanani, leo hawezi kufunga kamba za viatu bila kukaa kwanza avute pumzi.

"Naye aliambiwa ni starehe tu," anasema.

Muhula uliopita alimkuta msichana wa kidato cha pili kaanguka sakafuni, pumzi imembana, midomo imebadilika rangi. Akambeba mgongoni hadi zahanati. Mapafu yalikuwa yamevimba kwa kuvuta vepu. Msichana alilazwa siku tisa.

Shangazi akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Akanijibu, 'Ule ni mvuke tu, Shangazi. Wewe fagia.' Mvuke! Mvuke wa chai umemlaza nani hospitali?"

Siku ya kikao cha wazazi aliingia bila kualikwa, akamwaga ndoo nzima ya vepu mezani. Baba mmoja akaokota kidude kimoja, akakigeuzageuza.

"Hiki nilimnunulia mwanangu mimi mwenyewe," akasema taratibu. "Aliniambia ni cha kuchajia simu."

Mwalimu mkuu alimwandikia Shangazi barua ya onyo. Wazazi wakambana mwalimu huyo mpaka akaifuta.

Lakini duka lililo mbele ya geti bado linauza vidude hivyo, vimepangwa rafu ya chini, karibu na pipi. Msichana yule amerudi darasani, ila ngazi za ghorofa ya pili hupanda kwa vituo.

"Mtoto wa miaka kumi na tano anapumzika kwenye ngazi kama bibi yake! Na muuzaji ananiambia biashara ni biashara."

Jumatatu ijayo, Shangazi na wazazi ishirini na sita wanakwenda kumtaka muuzaji aviondoe vidude hivyo.

"Akikataa, tutasimama mlangoni kwake," anasema akichukua fagio. "Kusimama kutwa mimi nimezoea. Sijui yeye."