Jiwe la Figili la Mama Tomie

Ngome ya Yatsuhira ilijengwa isianguke milele. Ikaanguka asubuhi moja, bwana wake hajamaliza uji. Kilimani yakabaki mahandaki yaliyojaa majani, pamoja na mawe, kwa kuwa mawe hayakuwa na miguu ya kukimbia pamoja na bwana wao. Wanakijiji wakayabeba pole pole, kila mtu na haja yake.

Moja lilifika kwa akina Kurihara, likawa la kukandamizia figili za achari ndani ya pipa la chumvi na pumba za mchele. Kila mke aliyeolewa nyumba ile alikabidhiwa jiwe kabla ya funguo. Wa mwisho ni Tomie, mjane niliyepanga chumba chake cha nyuma.

"Mume nimemzika, watoto wako mjini," aliniambia. "Hili ndilo lililobaki nami."

Basi Kamati ya Kuokoa Ngome ikaazimia kuujenga upya ukuta. Mwenyekiti wake, Bwana Nukui, shujaa asiyewahi kupigana hata na jogoo, akabisha hodi amevaa kofia ya vita ya karatasi ngumu.

"Mama Tomie, jiwe lile ni mali ya ngome."

"Na figili ulizofakamia juzi zilikuwa mali ya nani?"

"Hayo mengine, mama. Historia inakuita."

"Mbona haikuja yenyewe? Imekosa nauli?"

Lakini alilitoa. Huku kwetu ukikataa jambo la kijiji, hata salamu utapewa nusu. Mwaka ule alikandamiza kwa ndoo ya maji, figili zikalegea kama soksi kuukuu. Alizitafuna akitazama kilimani.

Ukuta ulizinduliwa kwa ngoma na hotuba ndefu. Kamati, kwa hekima yake, ilikataza jiwe la Tomie lisioshwe, lisije likapoteza uzee wake. Nguruwe mwitu, ambao hawakualikwa, wakanusa chumvi na pumba za vizazi vyote vile. Wakafukua, wakafukua, ukuta ukalala chini. Ngome ikatekwa mara ya pili, bila mshale hata mmoja.

Nukui akarudi na toroli, kichwa wazi.

"Mama, kamati imeona lihifadhiwe kwako. Kwa heshima."

"Heshima ya nguruwe?"

"Utusamehe, mama. Ila ni kumbukumbu ya mababu, usilipake tena chumvi..."

Tomie alikwisha kulimwagia maji, anasugua. Figili mpya zilikuwa tayari ndani ya pipa.

"Bwana Nukui, acha hotuba. Shika upande huo, ni zito."

Mwenyekiti akashika.