Barua ya Ruhusa Niliyoiapia Mimi

Tuliokuwa sebuleni kwangu mtaani Mowlem asubuhi ile tulikuwa wanne. Mimi, na mjukuu wangu wa miaka kumi na minne, kifungua mimba wa binti yangu. Mwalimu wake wa mpira wa mikono. Na jirani yangu anayeuza leso kwa jumla, aliyetuletea sanduku la kuazima. Binti yangu mwenyewe yuko Ghuba, anafanya kazi za nyumba tangu mtoto akiwa darasa la kwanza. Majina yao yote ninayo kichwani, hata ya ubatizo, ila la mtoto sitaki kuliandika, basi nayaacha yote.

Timu ilikuwa inaondoka kesho yake kwenda kucheza Kigali. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba akikagua karatasi, maana mtoto havuki mpaka bila mzazi asipokuwa na barua ya ruhusa ya mzazi, iliyoapiwa. Yetu ilikuwa tayari. Nilivaa nguo ya kanisa nikaenda kwa wakili kule Buruburu, akaniuliza, "Wewe ndiye mama?" Nikamwambia ndiye mimi. Nikatia sahihi, ile ile moja ninayoijua.

Mwalimu aliisoma, akachukua cheti. "Shosho, cheti cha kuzaliwa kina jina la binti yako. Mpakani wataona mama wawili. Watamrudisha."

"Nimemlea mimi. Ulitaka niseme mama ni nani?"

Jirani akacheka. "Wallahi huyu, angeulizwa kama alimnyonyesha angesema ndiyo!"

Mimi sikucheka. Kalamu ya mwalimu ilikuwa imefika kwenye jina la mtoto katika orodha ya timu, tayari kulikata.

"Mwalimu, ngoja," mjukuu wangu akasema. Akafungua sanduku, akatoa bahasha chini ya jezi. Barua ya mama yake, ameisaini ubalozini siku yake ya mapumziko, na muhuri juu. Mwenzake mama wa kazini aliyerudi nyumbani ndiye aliyeileta, wiki nzima imepita.

"Na ulinyamaza?"

"Shosh, si ulienda na nguo ya kanisa! Ningekuambiaje?"

Mwalimu akasoma kwa sauti. Binti yangu amemruhusu mwanawe asafiri na mwalimu. Halafu chini ameandika: "Mtoto analelewa na mama yangu, na likitokea lolote njiani aulizwe yeye, namba yake hii hapa." Nikamwomba mwalimu arudie. Mara ya tatu aliyeomba ni jirani.

Barua yangu niliichana mwenyewe.

Kesho kutwa yake simu ikalia nikipika chai. Afisa wa mpakani. "Mama, wewe ni nani wa huyu msichana?"

"Nyanya yake," nikasema. "Mimi ndiye ninayeulizwa. Mpitishe, ana mechi."

Akampitisha.

Waliokuwepo, kama nimekosea mahali, njooni mnirekebishe, chai iko. Mimi nasema sanduku lilikuwa la kijani. Mwenye sanduku anasema lilikuwa bluu.