Bafle ya Besi ya Kalundu

Mu chumba yangu hapa Kasenga, mu muji wa Uvira, kitanda iko na kona moja tu. Nafasi ingine yote imekamatwa na vyombo vya orkestre: ampli mbili za zamani, zile za lampe, taa ndogo za ndani zinazochelewa kupata moto, mikro yenye kutu, vyuma vya kusimamishia mikro, na ngoma moja kubwa ya bateri, ile ya kupigwa na muguu, yenye haina ngozi. Mama anasema na hizi vyombo zangu nitaolewa na bafle, lile sanduku la spika. Minye namujibu: "Hiyo bafle iko wapi? Ingekuwa hapa, tungekuwa tumeshafunga ndoa." Anacheka kidogo tu, ju anajua ni bafle gani natafuta.

Papa alikuwa anapigaka gitaa ya solo mu orkestre moja ya hapa Uvira. Baba mudogo, ndugu yake, njo alikuwa na besi. Kila Jumapili, siku ya Mungu, misa ikiisha, walikuwa wanapiga mu bar moja kule Kalundu, karibu na pale maboti ya ziwa yanashushiaka mizigo. Mama alikuwa anashinda ku soko, basi Papa alikuwa anakwenda na minye. Alikuwa ananibeba na kuniketisha juu ya bafle ya besi, ananiambia: "Usishuke. Ukishuka, wachezaji watakukanyaga."

Minye sikushuka.

Nyimbo sizikumbuki vizuri. Nakumbuka mapaja yangu. Baba mudogo akigusa tu ule uzi munene, lile sanduku linatetemeka, kutetemeka kunapanda mpaka tumbo, mpaka meno. Mbele yangu wamama wanakaza vitenge, wanaume wanapangusa jasho. Minye nabandua na kidole ile ngozi nyeusi ya kona ya bafle, kidogo kidogo, kila siku ya Mungu. Na Papa, vidole vyake vikiendelea, anageuka, ananikonyezea jicho. Hapo njo nilikuwa najua kwamba watu wote wale wamekuja ju ya papa yangu.

Kisha Papa alikufa na homa. Orkestre ikasambaa. Kisha ziwa nayo ikapanda, ikaingia mu bar, na leo pale watu walikuwa wanacheza, watoto wanaoga.

Nilipomaliza sekondari nilianza kutafuta vyombo. Ampli moja niliipata kwa kinyozi, ameweka kioo na vichanio juu yake. Mikro ilikuwa kwa muzee moja wa kwaya. Baba mudogo, mwenye leo anatengenezaka radio na simu, ananisaidia kuunga nyaya lakini ananigombeza: "Vyombo vya zamani vinataka mutu wa polepole. Weye unataka kila kitu kilie leo!" Ni kweli. Nataka leo. Na kila ampli ikilia nasikia furaha ya dakika kidogo, kisha naanza kuuliza tena iko wapi ile bafle.

Ni yeye Baba mudogo alikuja kuniambia kuna mama moja mwenye anauzisha ndagala, wale samaki wadogo, kule Kalundu, anaketi juu ya kitu kama bafle. Hakumaliza kusema, minye nilikuwa nimeshapanda moto, pikipiki ya abiria.

Nilimukuta ameketi juu yake kweli, ndagala zimeanikwa mbele yake juu ya muchanga. Niliangalia kona. Ngozi ilikuwa imebanduliwa.

"Mama, samahani, hiyo bafle..."

"Bafle gani? Hii ni kiti."

"Ni bafle, mama. Ya orkestre."

"Weye binti, miaka nimeketi hapa inapita yenye weye uliketi ku shule. Nakuambia ni kiti."

Nikamuambia papa yangu alikuwa nani. Akapiga makofi.

"Mutoto wa solo! Wamama, mukuje muone! Ule mwenye alikuwa anakojoa juu ya bafle!"

"Minye sikukojoa!"

"Ulikojoa. Bahati yako ndagala zilifunika harufu."

Walicheka mpaka nikacheka nao. Kisha akaeleza. Siku ziwa iliingia mu bar, ni yeye aliivuta bafle mu maji. Aliianika juu ya muchanga, mudomo juu, jua kali, anaigeuza asubuhi na mchana. Nilichungulia ndani: ile karatasi ngumu ya spika ilikuwa imejikunja na kupasuka.

"Mama! Umeianika kama ndagala!"

"Sasa ningeianika kama nini? Hapa kitu ikilowa tunaianika."

Nilimuomba aniachie. Akakatala. "Nitaketi wapi? Na minye pia nilicheza mbele ya hii kitu, na bwana yangu, Mungu amulaze. Leta ampli yako hapa."

Siku ya Mungu, kisha misa, nilishuka Kalundu na ampli nyuma ya moto, Baba mudogo na besi mugongoni. Kijana mwenye anachajiaka watu simu alitupa umeme. Ampli ikapata moto polepole, minye natembea huku na huku. Baba mudogo akagusa uzi munene.

Ilikohoa. Sauti imepasuka, kama bati yenye upepo unatikisa. Wamama wakaziba masikio. Baba mudogo akashusha mukono: "Mwanangu, imekufa."

"Piga," nikamuambia. "Mama, nipishe kidogo."

Niliketi. Akapiga. Nilisikia kitu kidogo mu mapaja, kikashuka mu magoti, kikapotelea mu muchanga. Tena. Vilevile. Miaka yote hii naitafuta, na sasa niko juu yake, na si kitu. Niliangalia chini ili wasione macho yangu, nikaona viatu vyangu vimekanyaga muchanga. Zamani miguu yangu haikuwa inafika.

Yule mama naye aliangalia. "Inua miguu, weye. Papa yako hakukuketisha pale ili uguse chini."

Nikainua.

Kikapanda. Tumbo, kifua, meno yakagongana. Baba mudogo aliniona, akakaza kupiga, wimbo wa zamani wenye unataka solo. Nikageuka upande wake wa kushoto, pale Papa alikuwa anasimamaka. Kulikuwa ndagala tu, zinakauka.

"Haya, shuka," yule mama akasema. "Wateja wangu wanakuja."

Miguu ilikuwa inaanza kuniuma.

"Bado, mama," nikamujibu. Baba mudogo akaendelea.